Shingo Inapojipinda Yenyewe
Shingo ya jirani yetu ilianza kujipinda kushoto yenyewe. Watu wakanong'ona kwamba amerogwa. Tulimsindikiza hospitali, daktari akaeleza kuwa ni distonia: ubongo huamrisha misuli ya shingo ikaze bila mwenyewe kutaka.

Alipewa vidonge vya diazepamu. Dawa hii hutuliza na kulegeza misuli, lakini huleta usingizi, na mwili huizoea. Alipopata nafuu aliiacha ghafla. Akatetemeka, usingizi ukamruka. Hapo tulijifunza: hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari, wala haichanganywi na pombe.

Wengi husaidiwa zaidi na sindano za botulinamu, zinazorudiwa kila miezi 3 hivi. Tusimcheke mgonjwa, tumsindikize.