Soko la vipuri Tabora: Kompyuta ya pikipiki bado haijafika kaunta

MFANYABIASHARA anayefikiria kuingiza mtaji wake katika mitambo ya kubadilisha programu za kompyuta za injini, akitegemea wateja wa bodaboda wa Tabora, ni vyema kwanza azikague pikipiki zenyewe. Boxer za Bajaj, TVS HLX na za Kichina kama SanLG, ambazo ndizo za kazi, kwa kawaida hutumia kabureta. Moto wa plagi hupangwa na sidiai, kidude ambacho fundi hakiandiki upya. Kikifa, kinanunuliwa kingine.

Kompyuta halisi ya injini hupokea taarifa za hewa, joto na mkono wa mafuta, kisha huamua nozeli imwage petroli kiasi gani na plagi iwake lini. Kubadilisha programu ni kubadilisha majedwali ya maamuzi hayo. Kwa injini ndogo ya pistoni moja ambayo eksozi na chujio lake la hewa havijaguswa, nguvu inayoongezeka ni kidogo mno. Hasara, kinyume chake, ni kubwa: petroli ikipunguzwa kupita kiasi injini huchemka na pistoni huweza kutoboka, umeme wa betri ukikatika wakati programu inaandikwa, kompyuta yenyewe huweza kufa.

Na hasara hiyo ina mwenyewe. Dereva wa pikipiki ya mkataba hudaiwa hesabu ya bosi hata siku chombo kikiwa juu ya mawe gereji.

Isitoshe, njia hii haijawahi kudai mbio. Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takribani frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kati ya Ujiji, Unyanyembe na Bagamoyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini asali na mkaa vinavyotoka vijijini haviisubiri stesheni, vinapanda pikipiki. Mteja anataka mvuto, na mvuto anaupata kwa kubadilisha sproketi, ingawa mwendo wa juu hupungua na petroli huliwa zaidi. Ndiyo maana sproketi, minyororo, jeti na sidiai ni mali ya kuweka stoo. Sidiai zinazouzwa kwa sifa ya kuondoa kikomo cha mzunguko wa injini ni za kuziogopa: valvu za injini ya mzigo hazikutengenezwa kwa kasi hiyo.

Dalili ya mabadiliko ipo. Tangu Aprili 1, 2020 India inadai kiwango kikali cha moshi, BS VI, na viwanda vyake vikahamishia pikipiki nyingi za soko la ndani kwenye nozeli, huku za kabureta zikiendelea kuletwa Afrika. Nozeli ina faida yake Tabora, mji ulio takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari: hujirekebisha kwa hewa nyepesi, kazi ambayo kwa kabureta fundi huifanya kwa bisibisi na jeti.

Zitakapozidi, kifaa cha kwanza kununua kitakuwa cha kusoma hitilafu. Sensa mbovu na pampu ya petroli iliyochoka zitaleta wateja wengi kuliko wapenda mbio.