Acheni Kuuliza cc, Ulizeni Mteremko

Likizo ikikaribia, swali huwa lile lile, linabadilishwa jina la mlima tu. Pikipiki ya cc 125 itapanda Kitulo? Itafika Lushoto ikiwa na abiria na begi, au nitafute ya 250? Swali limechoka, tena linachosha, kwa sababu jibu lake ni hesabu ya dakika moja. Chukua pikipiki ndogo, dereva, abiria na mizigo, vyote vikiwa na uzito wa kilo 280. Kupanda mlima wa asilimia 10, yaani kila mita kumi za barabara zinakuinua mita moja, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kunahitaji nguvu za farasi 3 na ushei. Ongeza za kushindana na matairi na upepo, ziwe 4. Injini nzima ya cc 125 hutoa kama 10 usawa wa bahari, na kwenye mita 2,400, ambako hewa ni nyepesi, hupoteza takriban sehemu moja ya tano. Zinabaki 8. Utapanda kwa gia ya pili, utapitwa na basi, na utafika. Mwenye cc 250 atafika mapema zaidi, basi. Mlima haujawahi kumuumiza mtu kwa kumchelewesha.

Swali ambalo haliulizwi ni la kushuka. Likiulizwa, jibu limeshatolewa kijiweni kabla ya mtaalamu yeyote kufungua mdomo: ukifika kileleni weka fri, au zima injini kabisa, acha pikipiki iteleze yenyewe, okoa mafuta. Ushauri huu husemwa kwa uhakika wa mtu anayekupa siri ya ukoo. Nami nitatumia sehemu kubwa ya makala haya kuung'oa, kwa kuwa mtu akiuamini, hakuna ramani wala jaketi litakalomsaidia.

Tuanze na kinachotokea barabarani. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita zipatazo 33, na katika urefu huo unashuka kama mita 1,000. Zile kilo 280 zetu, zikishuka mita 1,000, zinaachia nishati ya kutosha kuchemsha lita nane za maji kutoka ubaridi wa asubuhi hadi yatokote. Nishati hiyo haipotei. Ni lazima iende mahali, na mahali penyewe ni panne tu: upepo, matairi, injini, au breki. Kwa mwendo wa taratibu unaofaa kona za milima hii ya Usambara, pale mteremko ulipo mkali, upepo na matairi huchukua sehemu ndogo. Injini ukiiweka kwenye gia, huchukua sehemu nzuri: umefunga mafuta, magurudumu yanaisukuma yenyewe, na kila mzunguko wa pistoni ni kazi ambayo mlima unalazimika kuilipia. Ukiweka fri, umeiachisha injini kazi hiyo yote na kuibebesha breki. Tena breki za pikipiki nyingi tunazoendesha, hizi za bodaboda za 100, 125 na 150, ni za dramu mbele na nyuma: bakuli dogo la chuma lililofungwa, lisilopitisha upepo, lililotengenezwa kusimamisha pikipiki mjini mara moja moja, wala si kuizuia kwa saa nzima mfululizo.

Dramu ikipata moto hutanuka. Inajisogeza mbali na viatu vya breki, hivyo mkono na kanyagio vinazidi kuzama kabla ya kushika. Viatu vyenyewe, vikizidi joto, hupoteza msuguano. Unabana kwa nguvu ile ile na unapata nusu ya ulichokuwa ukipata dakika kumi zilizopita. Wenye diski wasicheke. Diski inapoa vizuri zaidi, lakini mafuta yake ya breki hufyonza unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Mafuta mapya ya DOT 4 huchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi. Yakishakunywa unyevu, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Ya DOT 3 yanaanzia 205 na kuteremka hadi 140. Yakichemka hutoa mapovu, na povu hubonyea. Mkono wa breki unaenda hadi kwenye usukani bila kusimamisha chochote. Hapo ndipo dereva hukumbuka gia, lakini pikipiki iliyo fri, isiyozuiwa, kwenye mteremko wa asilimia 10 hukaribia kilomita 50 kwa saa ndani ya sekunde 20 hivi, kutoka kusimama. Kuingiza gia ya kwanza au ya pili katika mwendo huo na zaidi ni kufunga tairi la nyuma ghafla, kwenye kona, na abiria mgongoni.

Tukubali kwa muda kwamba hatari hiyo inavumilika, tuangalie faida inayosemwa. Injini ya cc 125 ikiunguruma sailensa, bila kuvutwa, haifiki hata robo lita kwa saa. Kwa hiyo mteremko wa saa nzima, ukizima injini kabisa, unakuokolea kitu kisichofika robo lita. Huo ndio utajiri wote unaobishaniwa. Ukiiacha inaunguruma kwenye fri, hata huo hupati. Watu husema, "Lakini kwenye gia resi inapanda, kwa hiyo mafuta yanaliwa zaidi." Si hivyo. Kwenye pikipiki ya kabureta, ukifunga mafuta, mlango wa hewa umebaki ufa tu, na hewa inayopenya kwenye ufa ule haiongezeki sana hata pistoni ikikimbia mara tatu. Hewa isipoongezeka, petroli inayofuatana nayo haiongezeki. Na kwa pikipiki mpya zenye mfumo wa nozeli unaoongozwa kwa umeme mambo yamegeuka kabisa: ukiteremka kwenye gia ukiwa umefunga mafuta, mfumo hukata petroli yote, sifuri, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka fri, injini inabidi ijiendeshe yenyewe, kwa hiyo nozeli hufunguka na petroli huanza kuliwa. Anayefanya hivyo ili kuokoa mafuta anayalipia.

Kuna pingamizi moja lenye akili, na sitaliruka. Mtu anaweza kusema: pikipiki iliyo fri haizuiwi na injini, hivyo inafika mbali zaidi bondeni kabla ya kuhitaji mafuta tena. Ni kweli, kwenye mteremko mlegevu ulionyooka, ambao huna haja ya kugusa breki. Huko mwendo unaoupata unabaki kuwa wako. Lakini barabara ya mlimani ambayo mtu huifuata kwa mandhari yake ina kona kila baada ya mita chache, na mwendo wote unaoongezeka kati ya kona na kona ni lazima uutupe kabla ya kona inayofuata. Mwendo unaotupwa kwenye breki haukufikishi popote. Hoja inayofaa tambarare ya Chalinze imebebwa mzima mzima hadi Usambara, ambako sharti lake halipo.

Imani hii haikutokana na ujinga mtupu, na wazee walioileta walikuwa na sababu. Injini za stroku mbili zilizojaa barabarani zamani hupata oili yake pamoja na mchanganyiko wa mafuta. Ukifunga mafuta huku mlima ukiizungusha injini kwa kasi, oili inakuwa haba pale inapohitajika zaidi, na pistoni inaweza kukwama. Magari ya stroku mbili kama Saab za zamani na Trabant yaliwekewa kifaa cha kuachia magurudumu yazunguke bila kuiburuta injini, na hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu. Lakini pikipiki yako ya leo ni ya stroku nne. Ina pampu ya oili inayozungushwa na injini yenyewe: resi ikipanda, oili inaongezeka. Wanaosema kushuka kwenye gia kunaua injini, klachi na cheni wanarithi onyo la mashine ambayo hawaimiliki. Klachi iliyoshika haisuguliki. Cheni inavutwa upande wa pili kwa nguvu ndogo kuliko ile ya kupanda mlima huo huo asubuhi. Kinachoharibu ni kupiga gia ya kwanza ukiwa kasi. Hilo ni kosa la mkono, na gia haina hatia.

Hoja ya mwisho ya kijiweni ni ya wanaosema wamefanya hivyo miaka na hawajafa. Waliokufa hawaji kijiweni kutoa ushahidi wao. Na zaidi ya hapo, kilima cha kilomita moja karibu na nyumbani, bila mzigo, hakilingani na kilomita 30 za kushuka mfululizo. Breki inavumilia joto la dakika mbili kisha inapoa. Joto la dakika arobaini linajilimbikiza. Uzoefu wa kilima kile hauna lolote la kusema kuhusu mlima huu. (Na tukiwa hapa: kuimwagia maji breki iliyoungua, kama wafanyavyo baadhi ya madereva wa malori, ni kukaribisha chuma kipinde au kipasuke. Simama, ingoje ipoe yenyewe.)

Ukishakubali kwamba kushuka ndiko kunakoamua, upangaji wa safari unabadilika sura, na ramani unaanza kuisoma upya. Chukua mzunguko wa Mbeya, Chimala, Matamba, Kitulo, Isyonje na kurudi Mbeya. Kati ya Chimala na Matamba kuna ukuta wa mlima wenye kona 57, na ndiyo maana njia hiyo inaitwa Hamsini na Saba. Wengi huanza kupitia Isyonje kwa sababu maua ya Kitulo yako karibu zaidi upande huo, kisha wanamalizia siku, wamechoka, kwa kuziteremka kona zote 57. Geuza mzunguko. Jumla ya mita za kushuka haibadiliki, mzunguko unaorudi ulikoanzia hauna ujanja huo. Kinachobadilika ni namna zinavyogawanyika. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, na Chimala iko chini kwenye ukingo wa bonde la Usangu. Kipande hicho utakishuka polepole kwenye barabara kuu ya lami, kimetandazwa katika kilomita nyingi. Ukuta wa kona 57 utaupanda asubuhi, ukiwa na nguvu, kwa gia ya kwanza na ya pili. Kutoka uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mita 2,600 hivi, utashuka kuelekea Isyonje na Uyole, mita kama 900 badala ya zile zaidi ya elfu za upande wa pili. Atakayesema kupanda kona kali kwenye changarawe na mzigo ni kugumu, yuko sahihi, na pikipiki inaweza kuzimika katikati ya kona. Ila ukishindwa unapopanda unasimama, abiria anashuka, mnasukuma. Ukishindwa unaposhuka, unaongeza kasi.

Mengine ni ya haraka. Teremka kwa gia ile ambayo ungeipandia, au moja chini yake, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Breki zote mbili: bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, ziache zipumue, usizikalie. Ukinusa harufu ya kuungua, umeshachelewa, simama. Mafuta ya breki badilisha kama yamepita miaka miwili, viatu na pedi vikaguliwe na fundi kabla ya safari na si njiani. Legeza na kaza cheni huku abiria akiwa amekaa, kwa sababu uzito wake hubadilisha ulegevu. Mzigo uwe chini na karibu na kiti. Begi refu juu ya kariya ya nyuma linainua gurudumu la mbele, ambalo ndilo lenye breki unayoihitaji zaidi. Usibadilishe jeti za kabureta kwa safari ya siku mbili. Jaza tangi kabla ya kupanda. Hesabu wastani wa kilomita 20 hadi 25 kwa saa kwenye njia ya vumbi, na upange kufika kabla ya saa kumi na moja jioni, maana ukungu hauna adabu. Piga honi kabla ya kona usiyoiona mwisho, kaa kushoto kabisa: basi linalopanda hulazimika kukata kona na halitakuona. Joto hushuka karibu nyuzi 6 na nusu kila mita 1,000, kwa hiyo vidole vilivyokuwa sawa Chimala vitakuwa ganzi Kitulo, na kidole chenye ganzi hakipimi breki. Glavu ni kifaa cha breki.

Msimu ndio wenye mgogoro wa kweli. Maua ya Kitulo huchanua wakati wa mvua, hasa Desemba hadi Aprili, na mvua ile ile ndiyo inayogeuza udongo wa juu kuwa utelezi. Ukienda Juni hadi Agosti njia ni kavu, maua ni machache, na baridi ya usiku hugandisha umande. Anayetaka maua aongeze siku moja ya akiba katika ratiba, aulize masharti ya hifadhi ya Kitulo kuhusu pikipiki kabla ya kuondoka Mbeya, na mvua ikimkuta Matamba alale Matamba.