Neno la Siri Linakaa Wapi Kompyuta Ikikukumbukia?

Kila unapoingia kwenye akaunti mpya, kompyuta inauliza kama ihifadhi neno la siri. Wengi tunabonyeza ndiyo na kuendelea na kazi. Haituambii italiweka wapi, wala nani mwingine ataweza kulisoma.

Programu ya Pidgin, iliyopendwa kwa kuandikiana ujumbe kwenye kompyuta za mezani, ililiandika neno la siri kwenye faili liitwalo accounts.xml, herufi kwa herufi, bila kulificha. Aliyefungua faili hilo alilisoma kama unavyosoma gazeti hili. Watumiaji walilalamika miaka mingi, lakini watengenezaji walikuwa na hoja nzito. Programu inayoingia kwenye akaunti bila kukuuliza chochote lazima iweze kulifumbua neno la siri yenyewe, kwa hiyo ufunguo nao umo katika kompyuta ileile. Ni sawa na kufunga mlango kisha kuacha ufunguo chini ya mkeka wa kibarazani. Asiyeridhika, walisema, asihifadhi. Aandike neno lake kila mara.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila haitoshi. Kompyuta moja ya ofisini hutumiwa na watu watatu au wanne, na mwenzako mdadisi si mtaalamu wa kufumbua mafumbo. Halafu, kumwambia mtu achague kati ya usumbufu wa kila siku na faili lililo wazi si kumpa hiari ya maana. FileZilla, programu ya kuhamisha mafaili, ilikuwa na kasoro hiyohiyo hadi mwaka 2017 ilipoweka neno kuu la siri, linalofunga mengine yote.

Neno kuu ndilo linalobadilisha mambo, kwa sababu linakaa kichwani mwako. Kivinjari cha Firefox huhifadhi maneno ya siri kwenye faili la logins.json na ufunguo wake kwenye key4.db, ndani ya folda moja. Mwizi akibeba folda hiyo, amebeba vyote. Ukiweka neno kuu, ufunguo wenyewe unafungwa. Ukilisahau, hakuna wa kukurudishia ulivyohifadhi.

Kivinjari cha Chrome kwenye Windows huuachia mfumo kazi ya kulinda ufunguo, nao hufunguka unapoingia kwenye akaunti yako ya kompyuta. Kinga hiyo humsumbua aliyeiba diski, lakini kirusi kilichofanya kazi ndani ya akaunti yako kiliomba kama Chrome ilivyoomba, kikapewa. Julai 2024 Google ilianza kuongeza uhakiki wa programu inayoomba, ikianzia na vidakuzi (cookies). Oktoba mwaka huohuo, polisi wa Uholanzi pamoja na wenzao wa nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, waliivuruga mitambo ya RedLine, kirusi kilichokuwa kikikomba maneno ya siri kutoka kwenye vivinjari.

Kwa hiyo, kama mnatumia kompyuta moja, kila mtu afunguliwe akaunti yake yenye neno la siri. Anayetumia Firefox aingie kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, aweke neno kuu leo. Neno la benki lisihifadhiwe kamwe kwenye kompyuta ya watu wengi, hata dirisha likiuliza mara ngapi.