BAO LA ARDHINI NA BAO LA SIMU

Jumapili moja baada ya Misa, hapa Ruanda, babu mmoja na mjukuu wake walikaa chini ya mti kushindana kwa bao. Kijana alikuwa amejifunza mchezo huo katika simu, na kwa muda wa mwezi mzima alikuwa akiishinda simu karibu kila jioni. Babu hakupata kucheza bao la simu hata siku moja. Yeye alijifunza utotoni, kwa kokoto na vishimo vya ardhini. Basi siku hiyo nayo walichimba vishimo 32, wala kazi haikuchukua muda. Mmatengo aliyezoea kulima ngoro mlimani hashindwi na vishimo vya bao!

Kijana alifungwa mara tatu. Mara ya pili alifungwa angali na kete mkononi, na jambo hilo ni aibu kwa mchezaji. Watazamaji walicheka sana. Lakini tukiisha kucheka, yafaa tujiulize: Imekuwaje aliyeishinda simu ashindwe na mzee? Je, bao la simu na bao la ardhini si mchezo mmoja?

Mchezo wenyewe

Kwa ajili ya wale wasioujua, tueleze kidogo. Bao la Kiswahili lina safu nne, na kila safu ina vishimo 8. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake. Kete zote ni 64, yaani 32 kwa kila mtu. Huko pwani wengi hutumia komwe. Penginepo hutumia kokoto au mbegu yo yote iliyo ngumu. Shimo moja katika safu ya mbele huitwa nyumba. Mwanzoni mchezaji huweka kete 6 katika nyumba, na kete mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwake. Zile 22 zilizobaki hukaa mkononi, naye huziingiza moja moja kila zamu yake ifikapo. Sehemu hiyo huitwa namua. Kete za mkononi zikiisha, huanza sehemu ya pili, iitwayo mtaji.

Anayekula kete za mwenzake huzigawa moja moja upande wake mwenyewe, kuanzia pembeni. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, safari huendelea. Ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Tena kula ni lazima: ukiwa na nafasi ya kula, huruhusiwi kuiacha. Mwenye kumaliziwa kete zote za safu ya mbele amefungwa.

Waona basi kwamba zamu moja yaweza kuzunguka bao mara nyingi. Mchezaji hodari hupiga hesabu ya mzunguko huo wote kichwani kabla hajagusa kete hata moja. Mholanzi mmoja, jina lake Alex de Voogt, alikwenda Unguja kuchunguza akili za mabingwa wa bao, akatoa kitabu chake mwaka 1995. Wataalamu hawafungi safari ya namna hiyo kwa ajili ya mchezo wa kipuuzi.

Nguo mpya, mifupa ya zamani

Kutengeneza upya mchezo wa zamani si jambo la bao peke yake. Huko Marekani, mwaka 2006, kampuni ya Bethesda ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Oblivion. Mchezaji hujifanya shujaa katika nchi ya kubuni, hutembea mapangoni na mijini, na nguvu zake huongezeka kadiri anavyotenda. Tarehe 22 Aprili 2025 mchezo huo ulitolewa tena. Picha zake zote zilifanywa upya, hata majani na mwanga wa jua vyapendeza macho. Shujaa aliongezewa mbio, na njia ya kukua kwa nguvu zake ilirekebishwa. Lakini ndani, mitambo ya mwaka 2006 ndiyo inayoendelea kuuongoza mchezo, na sauti za zamani zimehifadhiwa. Watengenezaji walijua kwamba wapenzi wa mchezo huo wangeikubali nguo mpya, lakini wasingekubali mifupa ibadilishwe.

Nasi na tuulize hivyo hivyo juu ya bao: Nguo yake ni ipi, na mifupa yake ni ipi?

Simu imeleta nini?

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Simu ya kijana huyu imehifadhi mashimo 32, kete 64, nyumba, namua na mtaji. Mtoto asiye na babu karibu aweza kujifunza kanuni bila kumwonea haya mtu ye yote. Aliyekwenda mbali kutafuta kazi aweza kucheza usiku chumbani mwake. Simu haichoki, haigombi, wala haiibi kete.

Lakini katika simu hiyo, mashimo yanayoruhusiwa kuchezwa huwaka rangi. Kijana hugusa moja, na kete hujigawa zenyewe mpaka mwisho. Akikosea, hurudisha nyuma akajaribu tena. Kumbe hesabu yote hufanywa na simu! Alipofika penye vishimo vya ardhini, hakuna kilichowaka. Palikuwa na nafasi ya kula, naye hakuiona, mpaka watazamaji wakapiga kelele. Alipogawa kete kwa mkono wake, alipotea njiani, hakujua angeishia wapi. Alikuwa amezijua kanuni za bao, lakini hakuwa amejifunza kupiga hesabu yake.

Liko na jambo la pili. Bao la ardhini lina watu. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika Malawi, huliita bawo, na kila mahali lina desturi zake ndogo ndogo. Wachezaji wakihitilafiana, hupatana kwanza, ndipo huanza. Simu hushika kanuni moja tu, haisikilizi shauri. Vijana wote wakijifunza hapo tu, desturi za wazee zitakufa pamoja nao.

Babu naye ajaribu

Baada ya kushinda, babu aliombwa acheze na simu. Alifungwa! Kidole chake kiligusa shimo asilolitaka, na kete zikakimbia kabla hajazifuata kwa macho. Alipoirudisha simu alisema, “Mjukuu wangu, mtu wako huyu hapepesi macho. Nitajuaje kama anaogopa?”

Kijana akajibu, “Babu, basi nifundishe kuyasoma macho, nami nitakufundisha kugusa.”

Nadhani kijana alisema vema. Picha na kete za rangi ni nguo. Zikibadilika si hasara. Mifupa ya bao ni hesabu ya kichwani, na mtu aliyekaa mbele yako. Kwa hiyo, enyi wazazi, msimnyang'anye mtoto simu kwa sababu ya bao. Mwacheni ajifunze kanuni. Kisha mwambieni azime simu, achimbe vishimo, aokote kokoto 64, na amwite babu. Kabla ya kugusa kete, ataje kwa sauti shimo atakaloishia. Akitaja sawa mara kumi mfululizo, hapo atakuwa amejua bao.

Wala asikawie. Simu itakuwapo mwaka kesho. Babu hatuna ahadi naye.