Jini Mahaba Apande Basi la Tukuyu

Katika hadithi za mapenzi zinazozunguka kwenye simu za vijana wa Ibighi, wilayani Rungwe, jini karibu siku zote hutoka baharini. Huibuka ufukweni Dar es Salaam usiku wa manane, kavaa vizuri, ananukia, ana gari ambalo hakuna ajuaye limenunuliwa kwa fedha gani, na kabla sura ya tatu haijaisha keshampenda binti aliyepanga chumba Sinza. Anayesoma hayo yuko huko Rungwe, kwenye migomba na mashamba ya chai, mvua inapiga bati, na bahari pengine hajawahi kuiona. Bado anaisubiri sehemu inayofuata kwa hamu.

Hamu hiyo ina historia ndefu. Mwaka 2005 Mussa Banzi alitoa filamu ya Shumileta, ya jini wa kike aliyempenda binadamu, na watu waliijadili mpaka vijiweni. Magazeti pendwa ya kila wiki yalikuwa yakichapa hadithi za namna hiyo kwa mfululizo, na neno “itaendelea” lilikuwa linaudhi kuliko habari mbaya. Leo mfululizo umehamia kwenye makundi ya WhatsApp, msomaji anatuma fedha kidogo kwa simu ndipo anapokea sehemu iliyobaki. Pembeni yake kuna tamthiliya za Kikorea zilizotafsiriwa, zinazouzwa kwenye vibanda vya muvi, mojawapo ikiwa Goblin ya mwaka 2016, ya mtu aliyeishi karne nyingi akimngoja bibi harusi mmoja tu. Anayependa hadithi za jini huzipenda na tamthiliya hizo.

Wanaozisoma wana maoni makali, na mimi nayaheshimu kuliko hukumu ya mwalimu anayesema huo si usomaji. Wanalalamika kwamba hadithi hukatwa makusudi penye utamu. Wanalalamika kwamba mhusika wa kike kazi yake ni kulia na kuzimia. Lakini lalamiko linalorudi mara nyingi zaidi ni hili: jini anaweza kila kitu mpaka pale mwandishi anapotaka asiweze. Jana alipita ukutani, leo anafungiwa chumbani na kufuli la kawaida.

Hapo msomaji amegusa kiini cha ufundi wenyewe. Ajabu isiyo na sharti haimtishi mtu wala haimfurahishi. Ngano tulizosimuliwa utotoni zilijaa masharti: usifungue chumba cha saba, usigeuke nyuma, usimwambie mtu uliyoyaona. Sharti ndilo linalofanya moyo udunde, kwa sababu tunajua litavunjwa. Shaaban Robert alilijua hilo alipoandika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952 kikiwa kimejengwa juu ya kisa cha Alfu Lela Ulela. Adili anamwokoa nyoka, kumbe ni Huria, jini wa kike. Nduguze wanamfanyia hiana, Huria anawageuza manyani, na Adili anapewa amri ya kuwapiga kila usiku bila kukosa. Anawapiga huku anaumia. Amri moja tu, na kitabu kizima kinasimama juu yake. Humo humo kuna mji uliogeuka mawe na binti mmoja, Mwelekevu, aliyebaki hai peke yake. Kama hiyo si ngano ya mapenzi, sijui ngano ya mapenzi ni ipi. Tuliisoma darasani tukaulizwa maudhui na dhamira, hakuna aliyetuambia kwamba tunaruhusiwa kuifurahia.

Jambo la mhusika wa kike linanigusa zaidi. Katika makabila mengi ya nchi hii kuna kisa cha msichana anayewakataa wachumba wote wa kijijini, kisha anamkubali mgeni mzuri asiyejulikana kwao. Mgeni ni zimwi, au chatu. Msichana analiwa, ama anaokolewa na mdogo wake aliyemdharau, na fundisho ni kwamba mchumba huchaguliwa na wazazi. Ufaransa walikuwa na kisa kinachoelekea kinyume. Mwaka 1740 Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliandika habari za binti anayepelekwa kwa mnyama wa kutisha, na mwaka 1756 Jeanne-Marie Leprince de Beaumont akakifupisha kwa ajili ya wasichana. Huko binti akivumilia, mnyama anageuka mwana wa mfalme. Mwaka 2015 Sarah J. Maas wa Marekani alikichukua kisa hicho akakipa binti anayewinda kwa upinde, na vitabu vyake vimesomwa dunia nzima.

Binti wa Tukuyu anayesoma kwenye simu havitaki visa hivyo viwili vya zamani. Hataki kuliwa kwa sababu amejichagulia, wala hataki kufundishwa kwamba ukimvumilia mwanaume mkatili atageuka mwema. Hili la pili ni la hatari kuliko jini yeyote, na waandishi wetu wa mitandaoni wanalirudia bila kufikiri: jini anampiga, anamfungia, kisha anamnunulia nyumba, na hayo yanaitwa mapenzi. Ninaandika hili kwa uchungu kwa sababu nimeona wasichana werevu wakilisifu.

Sasa turudi kwa jini wa baharini. Mwandishi wa Rungwe ana haja gani ya kumwazima? Ziwa Ngosi liko juu ya safu ya Uporoto, ndani ya shimo la volkano, limezungukwa na msitu. Wanaolitazama toka ukingoni husema umbo lake ni kama ramani ya Afrika. Wazee husimulia kwamba ziwa hilo lilihama, kwamba lina mwenyewe. Mto Kiwira unapita chini ya Daraja la Mungu, jiwe ambalo hakuna fundi aliyelijenga. Kule Masoko kuna ziwa jingine la volkano, kando yake majengo ya jeshi la Wajerumani, na simulizi za fedha walizozitupa majini vita ilipowaelemea. Lubaga, karibu na Tukuyu, palikuwa makao ya Lwembe, mtawala aliyehesabiwa kuwa mtakatifu, wa ukoo unaosemwa kuwa ndio ulioleta moto, ng’ombe na chuma kwa watu waliokuwa wakila vyakula vibichi. Mtu anayeleta moto kwa wasioujua, akampenda mmoja wao: riwaya nzima imelala hapo.

Ila wilaya hii pia inamtaka mwandishi awe makini. Kanisa limekuwapo Rungwe tangu wamisionari wa Moravian walipofika mwaka 1891, na waumini wengi hawapendi hata neno jini litajwe nyumbani. Sikubaliani nao, lakini siwacheki. Mkoa wetu wa Mbeya nao uliwahi kushuhudia watu wakiuawa na kuchunwa ngozi kwa imani za utajiri, mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada yake. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Kwa hiyo hadithi inayomfanya bibi kizee wa jirani kuwa mchawi, au damu ya mtu kuwa njia ya kupata gari, haiwezi kujitetea kwamba ni burudani tu. Mpe bibi kizee huyo siri ya Ngosi, mpe sauti, mfanye ndiye anayejua sharti.

Nafasi ya kuchapishwa ipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, ikiwa chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na riwaya ni mojawapo ya nyanja zake. Ningependa mswada mmoja utoke Ibighi: binti wa kiwanda cha chai, sarafu ya Kijerumani iliyookotwa Masoko, na mwanaume anayeshuka stendi ya Tukuyu akiwa mkavu kabisa siku ya mvua, ambaye binti huyo ana haki ya kumkataa.