Mpemba wa Fizikia Si Mtu wa Pemba

Udi na fizikia haviingiliani. Si kweli. Shika udi wowote wa taarab, uwe wa Chake Chake au wa Mjini Unguja. Kandamiza uzi katikati kabisa ya urefu wake, kisha upige: sauti inapanda oktava moja, kwa kuwa nusu ya uzi hutetemeka maradufu kila sekunde. Tena shingo ya udi ni laini, haina vikato kama vya gitaa, ndiyo maana kidole kinaweza kutua kati ya noti mbili za piano, pale zinapokaa robo toni za maqamu, yaani mitindo ya ngazi za sauti katika muziki wa Kiarabu. Hiyo ni hesabu ya uwiano. Fundi wa udi anaifanya kwa sikio.

Bendi zetu za "jazz" zilipiga jazi ya Marekani. Si kweli. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, wakafuata akina Western Jazz na Morogoro Jazz. Watu walicheza dansi na rumba yenye ladha ya Kuba. Jina tu ndilo lililotoka Marekani.

Jazi inaweza kumsaidia mwanafizikia. Kweli, lakini tusipitilize. Stephon Alexander, mzaliwa wa Trinidad aliyekulia Bronx, ni mwanafizikia wa nadharia katika Chuo Kikuu cha Brown na mpiga saksafoni. Kitabu chake The Jazz of Physics cha 2016 kinamweka Coltrane, gwiji wa jazi, karibu na Einstein. Mfano mzuri huzaa wazo. Wazo bado lazima lipimwe. Alexander pia amewahi kuongoza chama cha wanafizikia weusi wa Marekani, na huko ndiko swali la nani anasikilizwa linakouma.

"Athari ya Mpemba", yaani kimiminika cha moto kuganda kabla ya cha baridi, iligunduliwa na mtu wa Pemba. Si kweli, ingawa utaisikia hata barazani. Erasto Mpemba alikuwa wa Bara. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliwahi nafasi kwenye friji kwa kutia maziwa ya aiskrimu yakiwa bado moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza kwa nini, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, darasani ikawa mzaha, naye akamuuliza swali lilelile Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne akaenda kupima.

Wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu athari hiyo. Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka 1969 katika jarida la Physics Education, na jina la Mpemba ndilo lililotangulia.