Kivinjari kinasema tovuti "si salama"? Huenda HTTPS haijawashwa

Mteja akijaza nenosiri kwenye tovuti isiyo na HTTPS, herufi zake husafiri wazi. Mjanja aliyejiunga na Wi-Fi ileile anaweza kuzisoma zote.

Tomcat, seva maarufu ya Java, haijiwashii ulinzi huo. Ikishasakinishwa, hupokea wageni kupitia poti 8080, bila usimbaji. Fundi ana hatua tatu:

1. Kutengeneza funguo na ombi la cheti kwa keytool, programu inayokuja na Java.

2. Kupeleka ombi kwa mamlaka inayotambulika. Let's Encrypt hutoa cheti bure. Cha kujitengenezea ni cha majaribio tu, maana vivinjari havikiamini.

3. Kuunganisha cheti na ufunguo wake, kukitaja kwenye faili la server.xml kwa poti 8443, kisha kuwasha seva upya.

Nenosiri la kuanzia la hifadhi ya funguo, "changeit", libadilishwe mapema. Linajulikana dunia nzima, na anayeiba ufunguo anaweza kujifanya ndiye tovuti yenyewe.

Na si kazi ya mara moja. Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt hudumu siku 90. Kikiisha muda bila kuhuishwa, wateja hukutana na onyo mlangoni, na wengi hawarudi.